Kama alikuwa na uhakika, kwa nini alisubiri mpaka asubuhi?

Swali: Daktari, shikamoo. Nakuandikia kutoka Tanga. Binti yangu ana miaka 19. Jumatano saa nne usiku tumbo lilianza kumsokota kitovuni. Nikadhani ni chango, nikampa chai ya tangawizi. Alfajiri akatapika mara mbili, na chakula hataki hata kukinusa. Zahanati walimpima mkojo, wakasema UTI, wakampa vidonge. Mchana maumivu yakahamia chini upande wa kulia, akawa anatembea ameinama. Saa kumi na mbili jioni nikamfikisha hospitali. Jambo la kwanza wakampima mimba. Mwanangu hajaolewa, nikaona tunadhalilishwa. Altrasaundi ikaandikwa "kidole tumbo hakikuonekana". Daktari akasema alazwe, tumwangalie. Ijumaa asubuhi daktari yuleyule akambonyeza tena, akasema anapasuliwa sasa hivi. Nikasaini mkono unatetemeka. Namshukuru Mungu anaendelea vizuri, ila moyo wangu haujatulia. Kama alikuwa na uhakika ni kidole tumbo, kwa nini alisubiri usiku mzima? Na kama hakuwa na uhakika, kwa nini alimchana mwanangu? Wifi yangu aliyeko Muscat anasema siku hizi kinatibiwa kwa dawa tu, na jirani yetu alipona kwa "sindano tu". Halafu mwanangu alipewa sindano ya maumivu kabla ya kuamuliwa, si ingeficha ugonjwa? Tena tumeshauriwa wadogo zake watolewe vidole vyao "kwa tahadhari". Nimekutumia picha za karatasi zake zote.

Jibu: Marahaba mama, na pole sana kwa kuuguza. Swali lako lina makali pande zote mbili, na sisi huwa tunalikwepa kwa kusema "tunamwangalia", neno ambalo kwa mzazi aliyekesha kwenye benchi la wodi halimsaidii chochote. Nikujibu waziwazi: jioni ile daktari hakuwa na uhakika. Asubuhi alikuwa nao wa kutosha. Kilichomvusha ni ule usiku, pamoja na mkono uleule kurudi kwenye tumbo lilelile.

Kidole tumbo ni kimfuko chembamba kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, chini kulia. Ncha yake haina tundu, kwa hiyo kina mlango mmoja tu. Mlango huo ukiziba ndipo balaa huanza. Mara nyingi kinachoziba ni kinyesi kilichokauka kikawa kama kokoto. Kwa watoto na vijana huweza kuwa ni vitezi vya ukutani mwake vilivyovimba, na mara mojamoja ni minyoo. (Mbegu za mapera na mawe ya mchele vimesingiziwa sana mitaani. Nimetoa vidole tumbo vingi, mbegu ya pera sijakutana nayo bado.) Ute wa ndani unakosa pa kutokea, kimfuko kinajaa na kukaza, damu inashindwa kupita, bakteria wanazaana, ukuta unaanza kuoza, mwishowe unatoboka.

Sasa rudi kwenye usiku wa Jumatano. Kwa nini kitovuni wakati ugonjwa uko kulia? Mishipa ya fahamu ya utumbo haijui kuonyesha mahali. Inapeleka habari moja tu ubongoni, kwamba huku katikati pana shida. Ndiyo maana mwanzoni mgonjwa anazungusha kiganja chote kwenye kitovu, na ndiyo maana ulidhani chango. Hata mimi ningekuwa mama yake ningechemsha tangawizi. Baada ya saa kadhaa kidole kilichovimba kinagusa utando uliotanda ukuta wa tumbo kwa ndani, na utando huo una hisia kama ngozi, unajua hasa umeguswa wapi. Hapo mgonjwa anaacha kutumia kiganja, anaonyesha kwa kidole kimoja. Charles McBurney, daktari wa upasuaji wa New York, alipaeleza mahali hapo mwaka 1889: toka kwenye ncha ya mfupa wa nyonga ya kulia kwenda kitovuni, simama kwenye theluthi ya kwanza ya safari. Tunapabonyeza mpaka leo.

Kule kuhama kwa maumivu ndiyo habari kubwa kuliko zote ulizoniandikia, na nina wasiwasi kwamba hakuna aliyekuuliza mpaka ulipofika hospitali. Zahanati sitawalaumu sana. Kidole tumbo kikiegemea kibofu au mrija wa mkojo, chembe nyeupe chache huonekana kwenye mkojo, na mtu mwenye haraka anaandika UTI. Wao walimwona pia asubuhi, kabla maumivu hayajahama.

Nimezisoma karatasi zako. Mwaka 1986 daktari Alfredo Alvarado alichapisha alama za kujumlisha, alizozipata kwa kuchambua wagonjwa 305 wa hospitali moja ya Philadelphia. Jumla yake ni 10. Maumivu yakihamia kulia, alama 1. Kukosa hamu ya kula, 1. Kichefuchefu au kutapika, 1. Kuumia anapobonyezwa chini kulia, 2. Kuumia zaidi mkono unapoachiwa ghafla, 1. Joto kufika 37.3 au kupita, 1. Chembe nyeupe za damu kupita 10,000, alama 2. Ya mwisho, 1, inatokana na aina ya chembe nyeupe zilizoongezeka, na maabara nyingi kwetu hawaiandiki. Chini ya 5, uwezekano ni mdogo. 5 au 6 ni shaka, usimwachie aende nyumbani. 7 na kuendelea, anza kufikiria kisu.

Alhamisi jioni binti yako aliandikwa: maumivu yamehama, hana hamu ya kula, ametapika, anaumia akibonyezwa. Hiyo ni 5. Joto 37.1, hakuna alama. Chembe nyeupe 9,600, hakuna alama. Mkono ukiachiwa haumii zaidi. Tano kamili, palepale kwenye shaka. Ijumaa saa mbili asubuhi joto ni 37.9, chembe nyeupe 14,200, na mkono ukiachiwa anaruka. Jumla 9. Ndani ya saa 14 mgonjwa mmoja ametoka 5 akafika 9, na hakuna mashine iliyohusika zaidi ya kipimajoto na darubini.

Alama hizi zina kasoro moja inayomhusu binti yako moja kwa moja: kwa wanawake huwa zinapandisha. Msichana mwenye kivimbe cha ovari kilichopasuka, au maambukizi ya mirija ya uzazi, anaweza kukusanya 6 au 7 huku kidole tumbo chake ni kizima kabisa. Ndiyo maana daktari wako hakukimbilia kisu jioni ile, na mimi namsifu kwa hilo. Angekuwa kijana wa kiume mwenye picha ileile, pengine angemaliza kazi usiku. (Kwa kijana wa kiume lakini zipo korodani. Mvulana anayelalamikia tumbo la chini bila kuvuliwa suruali hajapimwa. Korodani ikijinyonga, una saa chache tu za kuiokoa, na wavulana wanaona haya kusema.)

Kwenye karatasi ya Ijumaa kuna mstari mmoja uliokwaruzwa haraka: "akikohoa anashika kulia". Nimecheka peke yangu nilipousoma, maana ndivyo ninavyofanya mimi. Unasimama miguuni pa kitanda, mikono yako nyuma, unamwambia, "Mwanangu, hebu kohoa kidogo." Hutazami tumbo, unamtazama uso na mkono wake. Utando uliowaka hauvumilii kutikiswa. Mgonjwa anakohoa nusu, uso unakunjamana, mkono unakimbilia palepale kabla hajafikiri. Mtu anayekuigizia hawezi kuupatia ule mkono. Kuna wengine huniambia wenyewe kwamba bajaji ilipopita kwenye tuta waliona nyota. Hicho nacho ni kipimo, na hakilipiwi dirishani.

Kipimo cha mimba najua kiliuma. Naomba unisikilize kama unavyomsikiliza kaka yako. Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi huuma chini upande mmoja kama alivyoumwa binti yako, na mrija ukipasuka damu inajaa tumboni, mtu anaondoka kwa saa chache. Sisi hatuna ruhusa ya kukisia nani anaweza kuwa na mimba kwa kumtazama alivyojisitiri. Tunampima kila aliyevunja ungo na hajakoma hedhi. Nimempima binti wa shehe, nimempima binti wa mchungaji, na wangu angelazwa pale angepimwa. Kosa la wenzangu ni kutokukueleza kabla, na hilo nakiri kwa niaba yao.

Na altrasaundi? "Hakikuonekana" na "ni kizima" ni maneno mawili tofauti. Kidole tumbo kilichowaka, kikionekana, ni mrija mnene kuliko milimita 6 usiobonyea chini ya kifaa. Kizima mara nyingi hakionekani kabisa, na kigonjwa nacho hujificha nyuma ya utumbo uliojaa gesi. Kila kitu kinategemea mkono wa anayepima, saa aliyopima, na unene wa tumbo. Kikionekana kigonjwa, nakiamini. Kisipoonekana, naiweka karatasi pembeni narudi kwa mgonjwa. Ila jioni ile altrasaundi ilifanya kazi nyingine ambayo hukuielewa: ilionyesha ovari zote mbili ni salama na hakuna damu tumboni. Iko mstari wa tatu, imesomwa juujuu kwa sababu macho yenu yote yalikuwa yanatafuta neno moja.

Siti skani ingekuwa na uhakika zaidi, hilo ni kweli. Inahitaji mashine iliyo hai, mtaalamu wa kusoma picha usiku, fedha, na mionzi ambayo hatupendi kumpa msichana bila sababu. Pale hayo yanapopatikana na sababu ipo, naitumia. Pasipopatikana, tunayo macho, mkono na saa ya ukutani.

Sasa, je, usiku ule ulikuwa hatari? Hapa nikuambie ukweli ulivyo. Hatari ya kutoboka hupanda kadiri saa zinavyokwenda, hasa siku ya pili ikishapita. Lakini kwa mtu mzima ambaye hajaonyesha dalili za kutoboka, saa chache za usiku hazibadilishi sana mambo. Utafiti wa Finland na Norway uliotoka 2023, wenye wagonjwa zaidi ya 1,800, uliwagawa watu ambao ugonjwa ulishathibitika: wengine wafanyiwe ndani ya saa 8, wengine ndani ya saa 24. Waliokutwa wametoboka walikuwa 8 na 9 kwa kila 100, tofauti isiyo na maana. Ndiyo maana daktari mwenye busara hamwamshi mtu wa nusu kaputi saa tisa usiku kwa alama 5.

Kusubiri kuna masharti yake, lakini. Mtoto mdogo simsubirishi hivyo, kwa sababu kwao kinatoboka mapema na hawajui kueleza. Mjamzito vilevile simlegezei, na kwake mfuko wa uzazi umekisukuma kidole juu, maumivu yako mahali pasipotarajiwa. Na tumbo likishakuwa gumu lote hakuna cha kuangalia tena. Kusubiri kwenyewe ni kazi: joto lipimwe, damu irudiwe, na tumbo libonyezwe na mtu yuleyule, maana mkono wangu haujui tumbo lilikuwaje jana mkononi mwako. Mgonjwa aliyelazwa akasahauliwa mpaka raundi ya kesho, huyo hasubiriwi, ametelekezwa. Kwa binti yako naona joto limeandikwa mara nne usiku, na saini ya muuguzi mmoja. Mkimwona mshukuruni.

Umeniuliza pia: kwa nini akapewa sindano ya maumivu kabla ya kuamuliwa, si ingeficha ugonjwa? Enzi zetu za chuo tulifundishwa hivyo hivyo, mgonjwa aachwe alie mpaka bosi aje. Tafiti zilipofanywa zikaonyesha sindano haimpotezi daktari. Tena msichana aliyetulia analegeza tumbo, unapima vizuri zaidi. Yale mateso yalikuwa ya bure, na nikiyakumbuka naona aibu.

Swali la pili: kwa nini amchane kama hana uhakika wa mia kwa mia? Kwa sababu mia kwa mia haipo mpaka ufungue. Kuna makosa mawili yanayotungoja. La kwanza ni kutoa kidole tumbo kizima: mtu amelazwa usingizi, ana kovu, utumbo unaweza kugandana miaka ya baadaye, fedha zimetoka. La pili ni kukiacha kigonjwa mpaka kitoboke. Huwezi kulikimbia moja bila kulisogelea jingine. Zamani ilikubalika kwamba vidole 15 hadi 20 katika kila 100 vinavyotolewa vitakuwa vizima, na kwa wasichana zaidi, ili mradi hakuna anayeachwa kuoza. Kwa vipimo vya sasa tunaishusha idadi hiyo, na kumlaza mtu usiku mmoja ni njia mojawapo ya kuishusha.

Kosa la pili nimelifanya kwa mkono wangu. Ilikuwa miaka ya mwanzo kazini, kijana mvuvi, anaumwa ubavuni kulia kuelekea mgongoni. Tumbo la mbele laini kama unga uliokandwa. Nikaandika jiwe la figo, nikampa maji na sindano. Kila nikipita namkuta amelala goti la kulia limekunjwa, nikadhani ndivyo anavyopenda kulala. Kumbe kidole chake kilikuwa nyuma ya utumbo, kimelalia msuli unaonyanyua paja, na kuunyoosha mguu ulikuwa ni kukivuta kidonda. Siku ya tatu alfajiri akaniita kwa furaha: "Dokta, nimepona, maumivu yamekwisha kabisa." Alitaka kuwahi chombo. Nilifurahi pamoja naye. Mchana tumbo lilikuwa ubao, mapigo ya moyo 130. Ile raha ya alfajiri ilikuwa kimfuko kilichokuwa kimekaza kimepasuka, na usaha umeshamwagika ndani. Alipona, ila alikaa wodini wiki tatu. Tangu siku hiyo mgonjwa akiniambia maumivu ya tumbo yamekatika ghafla, ninavuta kiti ninakaa.

Wifi yako wa Muscat hajakosea, amekata kipande tu cha habari. Finland walifanya utafiti wenye watu 530, ukatoka 2015. Waliotibiwa kwa antibiotiki peke yake, 27 kati ya 100 walikuwa wamepasuliwa ndani ya mwaka mmoja. Walipofuatiliwa miaka mitano, ugonjwa ulikuwa umewarudia kama 39 kati ya 100. Kwa hiyo zaidi ya nusu walipona bila kisu, si haba. Wamarekani nao wakatoa wao 2020, na wakaona kwamba penye ile kokoto ya kinyesi dawa hushindwa zaidi: watu 41 kati ya 100 walipasuliwa ndani ya siku 90, wakati wasio na kokoto walikuwa 25. Kila aliyeingia utafiti wa Finland alipigwa siti skani kwanza kuhakikisha hakuna kokoto, hakuna usaha, hakijatoboka. Kumpa dawa mtu ambaye hujui kidole chake kikoje ndani ni kubahatisha. Na huyo anatakiwa awe mtu anayeweza kufika hospitali usiku wa manane kikimrudia. Ningekuwa na mwalimu wa Muscat anayeishi dakika kumi kutoka hospitalini, na picha yake ni safi, ningempa achague mwenyewe. Kwa binti yako, altrasaundi bubu na alama 9, ningefanya alichofanya mwenzangu.

Yule jirani uliyemtaja aliyepona kwa "sindano tu" inawezekana alichelewa. Mtu akifika siku ya tano, mwili huwa umeshafunga kidole kwa mafuta na utumbo, pakawa na uvimbe unaoshikika. Hapo kuchana ovyo kunaharibu utumbo, tunampa dawa kwanza, na kama kuna jipu tunalitoa. Akiwa amepita miaka 40 tunamchunguza utumbo mpana baadaye, kwa sababu saratani hujificha kwa sura hiyo.

Wadogo zake wasitolewe vidole vyao "kwa tahadhari", kama mlivyoshauriwa. Ila tumbo likimuuma yeyote kwa saa sita mfululizo, likahama, akatapika, msimpeleke kwa mkandaji wa kuchua tumbo, wala msimpe mafuta ya nyonyo au bomba la kusafisha. Kidole kilichokaza hakitaki kuchuliwa. Na asile chochote njiani, ili akihitaji nusu kaputi awe tayari.

Binti asinyanyue ndoo ya maji wiki nne. Kutembea atembee tangu sasa. Kuzaa atazaa, kovu hilo halihusiani na mfuko wa uzazi. Kuna karatasi moja sijaiona kwenye picha zako: majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara. Kwenye fomu ya upasuaji imeandikwa kidole kilikuwa kimevimba, chekundu, kina usaha nchani, hakijatoboka, na kwamba kimepelekwa. Huku pwani mara nyingine wanakuta mayai ya kichocho ndani yake, ambayo dawa yake ni vidonge vya mara moja, na mara chache sana uvimbe mdogo unaohitaji kufuatiliwa. Majibu hayo hayatembei yenyewe kutoka maabara. Siku mnayokwenda kutoa nyuzi, pitia dirishani uyaulize kwa jina lake na namba ya faili.